Mwavuli Mzima Usiofaa Kurukiwa

Kitambaa cha mwavuli wa kurukia kutoka kwenye ndege, yaani parachuti, kimetandazwa juu ya meza ndefu. Ni cheupe, laini, hakina doa wala tundu. Fundi anakibana kwa vibanio viwili vyenye taya za upana wa inchi moja. Kimoja amekifunga mezani, kingine amekitia kwenye mizani ya kuvuta. Anavuta polepole. Mshale unapanda: kilo 10, kilo 13, kilo 15. Unatakiwa ufike kilo 18 na ukae hapo sekunde tatu.

Haufiki. Kitambaa kinachanika.

Kipimo hiki kilienea Marekani katika miaka ya 1980, baada ya kugundulika kwamba baadhi ya miavuli ya akiba ya duara, ile inayofunguliwa mwavuli mkuu ukishindwa, ilikuwa inaozea ndani ya begi. Wavu mwembamba ulioshonwa kwenye miavuli hiyo ulikuwa na tindikali. Mwavuli ulipokunjwa, wavu ulilalia nailoni iliyo jirani yake, na tindikali ikaila nailoni hiyo kimyakimya. Mafundi wakawa na kazi mbili: kuudondoshea wavu bromokresoli ya kijani, dawa inayogeuka njano ikikutana na tindikali, kisha kuvuta kitambaa kwa mizani kama nilivyoeleza.

Jambo lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa ni uzuri wa kitambaa kile. Mwavuli wa akiba unaweza kumaliza maisha yake yote bila kufunguka angani hata mara moja. Unatolewa, unakaguliwa, unakunjwa, unarudishwa. Hauna miiba, hauna mchanga, hauna alama ya msuguano. Macho yote yanasema ni mpya.

Na bado haufai.

## Fundi asiyeshindwa

Kwetu fundi husifiwa kwa kutoshindwa. Redio iliyokufa anaifufua, springi ya lori iliyokatika anaiunga, jiko lililotoboka chini analitia bati jipya. Hiyo ni hazina, na nchi nyingi zilizoitupa sasa zinaitafuta upya. Kwa hiyo nilipoanza kuyafikiria matengenezo ya miavuli, niliyafikiria kwa mkondo huohuo: cherehani nzuri, uzi mzuri, mkono mzuri, basi kazi imekwisha.

Sivyo ilivyo. Kadiri unavyoingia ndani ya kazi hii, ndivyo unavyoona kwamba cherehani ni sehemu ndogo yake. Sehemu kubwa ni kukagua, kuandika na kukataa. Shati la mtumba likichanika kwapani unalishona na maisha yanaendelea, wala huna haja ya kujua lilivaliwa na nani na lilianikwa wapi. Mwavuli uliotumika, ukija bila kadi yake ya kumbukumbu, hauna fundi duniani wa kuurudishia historia hiyo. Je, ulikaa miezi mingapi dirishani? Uliwahi kuanguka baharini? Ulisafirishwa pembeni ya betri ya gari? Hakuna mshono unaojibu maswali hayo.

Hata kile kipimo cha mizani kina mgogoro wake. Ukibana na kuvuta mahali palepale kila ukaguzi, mwisho wake wewe mwenyewe ndiye unayedhoofisha kitambaa. Wapo waundaji waliowataka mafundi wapunguze kuvuta na wahesabu zaidi: mmoja wao huweka kijilebo chenye visanduku juu ya mwavuli wa akiba, fundi akatia alama kila anapoufunga upya, na ikifika mara 40, au mara 25 za kuruka nao, mwavuli unarudi kiwandani kupimwa.

Hesabu inafanya kazi pale macho yanapoishia.

## Meza, mwanga na mkono

Ukaguzi una mpangilio wake, na mpangilio huo haubadilishwi kwa sababu fundi amechoka au mteja ana haraka. Unaanzia kileleni mwa mwavuli na kushuka: kilele, kitambaa paneli kwa paneli, mishono ya kuunganisha paneli, ukingo wa chini, mahali kamba zinaposhikizwa, kamba zenyewe moja moja, viungio vya chuma, mikanda, kisha begi. Kila paneli inatazamwa ikiwa na mwanga nyuma yake ili tundu dogo lijitokeze. Kisha inapapaswa, kwa sababu vidole hugundua ugumu ambao jicho hulipita.

Ugumu una maana yake. Nailoni ikisuguana na nailoni kwa kasi hupata joto la kuyeyuka, na ikipoa hubaki na mstari mgumu unaong'aa. Huo ni mchomo wa msuguano. Ukiuona karibu na ukingo wa chini, uliza mwavuli ulikunjwaje na ulifungukaje, maana mchomo ni dalili tu na chanzo bado kipo.

Wadudu nao wanahesabiwa. Panzi akikunjiwa ndani ya mwavuli hutafuna njia ya kutokea. Mdudu aliyepondwa huacha majimaji yanayoweza kudhoofisha kitambaa. Ghala la miavuli katika nchi zetu za joto linataka rafu zilizoinuliwa kutoka sakafuni na kuachana na ukuta, hewa inayopita na giza. Giza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mwanga wa jua huua nailoni, na hata zile taa ndefu za mirija zina mionzi ya kutosha kudhuru kitambaa kinachoachwa wazi mezani siku nyingi. Fundi makini hufunika kazi yake akienda kula.

Kwenye kamba kuna mtego mwingine. Miavuli mingi ya michezo ya siku hizi, ile ya mstatili, ina kamba nyembamba za poliethilini zenye nguvu ya ajabu. Udhaifu wake ni joto. Mwavuli unapofunguka, kile kitambaa kidogo cha mraba kinachopunguza mshtuko hushuka kwa kasi kikipitisha kamba kwenye macho yake manne ya chuma. Kamba za nje na zile za usukani ndizo zinazosuguliwa zaidi, hivyo hufupika kuliko za katikati. Haziwi dhaifu kwanza. Zinapoteza kipimo kwanza. Mrukaji anaanza kulalamika kwamba mwavuli unafunguka kwa kishindo, unavuta upande mmoja, au unakwenda polepole kama umeshikwa breki. Anadhani kitambaa kimechoka, kumbe kamba ndizo zilizofupika.

Dawa ni kupima. Tundika viungio vyote sehemu moja, vuta kila kamba kwa mkazo uleule, linganisha kushoto na kulia, kisha linganisha na jedwali la muundaji. Kamba zikipishana kuliko jedwali linavyoruhusu, badilisha seti nzima. Kubadilisha kamba moja mpya kati ya kuukuu ni kuongeza tatizo, kwa sababu mpya ina urefu wa siku ya kwanza na wenzake hawana tena.

Yale macho ya chuma yanataka ukaguzi wa peke yake. Pitisha kidole ndani, kisha pitisha soksi nyembamba ya nailoni. Ikinasa, kuna kijino kinachokula kamba kila mwavuli unapofunguka.

## Maji ya bahari

Watu huruka kwa miavuli juu ya ufuo wa Diani, na anayeruka karibu na bahari ipo siku atatua majini. Hapa kuna utaratibu ninaoupenda kwa sababu hauachi nafasi ya kubishana.

Maagizo ya Jeshi la Marekani kuhusu miavuli ya nailoni yanasema hivi: mwavuli ukikaa kwenye maji ya chumvi zaidi ya saa 24, unafutwa. Haijalishi unaonekanaje. Ukiwa umekaa chini ya saa 24, unatundikwa kivulini na kuachwa uchuruzike kwa angalau dakika 5. Usiukamue. Kisha, ndani ya saa 36 tangu uokolewe, unatiwa kwenye chombo kikubwa chenye maji safi yasiyo na chumvi, yanayoufunika wote, na unatikiswa kwa mkono dakika 5. Unatolewa, unatundikwa tena kivulini, unachuruzika. Maji yanamwagwa, yanawekwa mapya, kazi inarudiwa. Kisha mara ya tatu. Baada ya hapo unakaushwa mbali na jua, na unakaguliwa upya kuanzia kileleni.

Mara tatu, maji mapya kila mara. Wengi hukomea mara ya kwanza.

Sababu ni kwamba chumvi ikikauka hugeuka punje ndogo zenye kingo kali, nazo hukaa katikati ya nyuzi za kamba. Kamba inapokazwa, punje hizo husaga nyuzi kutoka ndani. Mchanga hufanya kazi hiyohiyo, ndiyo maana mwavuli uliotua ufukweni au jangwani hutundikwa juu kwenye mnara na kukung'utwa kabla ya kugusa meza. Kamba iliyosagwa ndani inaweza kuwa na ganda safi kabisa nje.

Sabuni ya kufulia nguo na dawa ya kung'arisha hazigusi mwavuli. Doa lisilodhuru linaachwa libaki doa. Hili ni gumu kwa mtu aliyelelewa akiambiwa kazi safi ni ile isiyo na alama, lakini kila kusugua kunaondoa kitu kwenye kitambaa: kile kipako kinachozuia hewa isipenye. Mwavuli unaopitisha hewa kuliko ulivyokusudiwa huchelewa kufunguka na hushuka kwa kasi zaidi.

## Kiraka

Nisije nikaeleweka kwamba hakuna kushona. Kupo, na ni kushona kwa namna ya pekee.

Nailoni ya mwavuli imefumwa kwa vimraba vidogo vya nyuzi nene ili mchaniko usitambae. Kiraka lazima kifuate mfumo huo: nyuzi za kiraka zilale sambamba na nyuzi za mwavuli, wima kwa wima, mlalo kwa mlalo. Ukikiweka mshazari, kitambaa kitavutika upande mmoja kuliko mwingine na mzigo utahamia kwenye kona.

Kwanza chora mraba kuzunguka uharibifu kwa penseli inayofutika. Wino wa kalamu ya kawaida usikaribie. Kata kiraka cha kitambaa cha aina ileile na uzito uleule, chenye ziada ya kukunjia kila upande. Kunja kingo ndani kiasi cha sentimita moja na robo, shikiza, kisha piga mstari wa kwanza milimita 3 kutoka ukingoni. Geuza upande wa pili, kata sehemu iliyoharibika iwe mraba, kunja kingo zake, piga mstari wa pili. Uzi ni wa nailoni, unene uleule wa kiwandani. Mishono 3 hadi 4 kwa kila sentimita. Mwanzo na mwisho wa mstari vipishane, usiache ncha inayoweza kufumuka.

Kabla ya yote hayo, piga mshono wa majaribio kwenye kipande cha kitambaa hichohicho. Fundo la uzi wa juu na wa chini linatakiwa lizame katikati ya tabaka. Likionekana juu au chini, mkazo wa cherehani umekosewa. Sindano iliyopoteza ncha hukata nyuzi badala ya kuzitenganisha, na tundu la sindano kwenye nailoni halizibiki. Ndiyo maana mshono uliokosewa haufumuliwi na kurudiwa mara nyingi mahali palepale: mstari wa matundu ni mahali pa kuchanikia palipotayarishwa.

Mikanda ya mwili ni habari nyingine. Inashonwa kwa cherehani nzito na uzi mnene, kwa mchoro maalumu, na kwa mfumo wa leseni wa Marekani matengenezo makubwa ya namna hiyo ni ya fundi wa daraja la juu pekee. Naona ni sawa. Kiraka kikishindwa, mara nyingi mwavuli utabeba. Mkanda ukishindwa, mtu ameanguka.

## Uzi uliowekwa ukatike

Sehemu hii ndiyo iliyonigeuza mawazo.

Kwenye miavuli ya kijeshi inayofunguliwa na mkanda uliofungwa ndani ya ndege, kilele cha mwavuli huunganishwa na mkanda huo kwa utepe mwembamba wa pamba, upana wa robo inchi, wenye uwezo wa kubeba kilo 36 hivi. Mrukaji anatoka, mkanda unakazwa, begi linafunguka, kamba zinanyooka, kitambaa kinatoka chote, na mwisho kabisa ule utepe wa pamba unakatika. Umewekwa ukatike. Ungekuwa hautakiwi kukatika, usingekuwa wa pamba.

Sasa mfikirie fundi mwenye nia njema na roho ya huruma. Anauona utepe wa pamba, anaona ni dhaifu, na pembeni yake ipo kamba ya nailoni ya kilo 250. Anafikiri anamlinda mrukaji. Akiifunga hiyo kamba, mwavuli hautaachana na ndege: ama mtu ataburutwa nyuma ya ndege, ama kilele kitachanika.

Kazi nzima ya miavuli imejaa vitu dhaifu vya makusudi. Uzi wa pamba unaoshikilia kamba zikae mahali pake wakati wa kufunga una daraja lake la nguvu. Raba zinazobana mikunjo ya kamba zimetengenezwa zikatike kabla kamba haijakwama. Kwa joto letu raba hizo huweza kunata au kukakamaa, hivyo iliyolegea, iliyopasuka au inayonata hubadilishwa papo hapo, na mbadala wake ni raba ya ukubwa uleule. Raba nene iliyookotwa dukani inaweza kulifanya begi likatae kuachia.

Na udhaifu wenyewe lazima uwe sahihi. Utepe wa pamba uliopata ukungu ghalani utakatika mapema, kabla mwavuli haujanyooka, na mfuatano mzima utavurugika. Kwa hiyo fundi analinda vitu viwili kwa mara moja: chenye nguvu kisidhoofike, na dhaifu kisipate nguvu.

Nilikuwa na imani kwamba kutengeneza ni kuimarisha. Sina tena imani hiyo.

## Mizigo

Afrika Mashariki inajua kudondosha chakula kutoka angani. Kuanzia 1989, chini ya Operation Lifeline Sudan, Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, iligeuka kituo kikubwa cha misaada iliyokwenda kusini mwa Sudan, na katika njaa ya Bahr el Ghazal ya 1998 ndege zilimwaga magunia kwa wingi. Nafaka ile haikuwa na mwavuli. Gunia liliingizwa ndani ya gunia kubwa zaidi, wakati mwingine tabaka zaidi ya mbili, ili la ndani likipasuka kwa kishindo, la nje libaki na punje. Huko matengenezo ni kukagua mishono ya magunia, basi.

Mafuta ya kula, dawa na vifaa ndivyo vinavyodai mwavuli. Hapo ndipo hesabu inapokuwa kali. Mwavuli wa mizigo wa aina ya G-12 una kipenyo cha mita 19.5, kamba 64, na hubeba karibu tani moja. Mkubwa wake, G-11, una kipenyo cha mita 30 na kamba 120, na hubeba zaidi ya tani mbili. Mzigo wa G-12 uliojaa hugusa ardhi kwa mwendo wa kama mita 8.5 kwa sekunde, sawa na kuuachia kutoka kimo kinachokaribia mita 4. Kishindo hicho kinamezwa na mabamba ya karatasi ngumu yenye vyumba vya sega, unene wa inchi 3, yaliyopangwa kati ya mzigo na ubao wa plaiwudi.

Mabamba hayo yanadharauliwa sana. Yakilowana mvua, kuta za vyumba hulegea na hayamezi chochote. Yakishabonyea mara moja, kazi yao imekwisha, hata yakinyooshwa. Yakikatwa madogo kuliko kitako cha mzigo, mzigo huinama ukitua na kupinduka. Ubao wenye kona iliyopasuka hunasa kwenye reli za ndege. Mkanda wa kufungia uliopita juu ya chuma chenye ncha bila kuwekewa kipande cha kinga hukatika pale pale. Mkia wa mkanda usiokunjwa na kufungwa hupepea na kujisokota kwenye kamba za mwavuli. Haya yote yanaonekana kwa macho, na yote huonekana ndege ikiwa bado chini.

Tarehe 24 Februari 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilidondosha paleti 21 juu ya Deir ez-Zor, Syria, kutoka juu sana. Paleti 4 ziliharibika kwa miavuli kushindwa kufunguka sawasawa, 7 zikaangukia eneo lisilofikika, 10 hazikujulikana zilipo. Tarehe 10 Aprili mwaka huohuo walirudia na wakafanikiwa. Machi 2024 huko Gaza, karibu na kambi ya Al-Shati, watu 5 waliripotiwa kufa baada ya shehena kuporomoka. Waliokuwa chini walikuwa wamekuja kutafuta chakula.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na msemo kwamba mwavuli wa mzigo ni jambo dogo kwa sababu hakuna mtu aliyening'inia. Mtu yupo. Yuko chini.

## Wa kutupa au wa kutunza

Hapa ndipo nina mashaka ambayo hayajaisha.

Miavuli ya mizigo ya bei nafuu hutengenezwa kwa polipropilini iliyofumwa, kitambaa cha ukoo mmoja na viroba vyetu vya nafaka. Inakuja ikiwa imefungwa tayari na kiwanda, inatumika mara moja, inaachwa. Majeshi ya Marekani yaliitumia sana Afghanistan, kwenye vituo ambako kurudisha mwavuli wa nailoni kulitaka helikopta na kuhatarisha watu. Nchini Rwanda, tangu Oktoba 2016, ndege zisizo na rubani za Zipline hudondosha damu na dawa kwa kisanduku chenye mwavuli wa karatasi. Mhudumu wa kituo cha afya anachukua damu. Mwavuli hauna safari ya kurudi.

Kwa upande mmoja hili linafuta karibu kila tatizo nililolieleza. Hakuna chumvi ya safari iliyopita, hakuna kamba iliyofupika, hakuna kadi iliyopotea. Historia ya mwavuli ni fupi kuliko makosa yake.

Kwa upande mwingine, ukaguzi unahamia mahali ambapo huyu anayepakia hawezi kuufikia. Begi limeshonwa. Hulifungui, ukilifungua umeliharibu. Unabaki na vitu vya nje: tarehe, namba ya toleo, hali ya begi, ukavu, mkanda wa kuvutia kama umelala sawa. Na polipropilini isiyowekewa kinga ni dhaifu mbele ya jua kuliko nailoni. Paleti za miavuli mipya zikiachwa wiki kadhaa kando ya uwanja wa ndege chini ya jua la Turkana au Juba, umeshaitumia kabla ya kuirusha. Turubai na kivuli ni vifaa vya usalama vya daraja moja na kamba.

Nikilazimishwa kuchagua, nachagua ya kutupa kwa misaada. Wanakijiji hukichukua kitambaa na kamba, wakaezekea, wakafungia mifugo, na sioni kosa lolote hapo. Mwavuli wa nailoni ulioburutwa kwenye migunga, ukakusanywa kwa haraka, ukarundikwa mbichi nyuma ya lori, na kufika kwa fundi bila maelezo, unaleta hatari kuliko unavyookoa fedha. Lakini chaguo langu lina sharti: awepo mtu ghalani mwenye mamlaka ya kuzuia toleo zima lisipakiwe, hata ndege ikiwa imeshawasha injini.

## Kadi, lakiri na kisu

Mamlaka hayo yanaonekana kwenye vitu vidogo. Mwavuli wa akiba nchini Marekani hufungwa kwa uzi mwekundu na lakiri ndogo ya madini ya risasi yenye alama ya fundi aliyeufunga. Tangu Desemba 2008 unatakiwa kufunguliwa na kufungwa upya kila siku 180. Kabla ya hapo ilikuwa siku 120. Kadi inaandikwa tarehe, mahali, kazi iliyofanyika, sahihi na namba ya leseni. Nguvu ya kuvuta pini ya akiba isizidi kilo 10, na inapimwa kwa mizani baada ya kufunga.

Kisha zana zinahesabiwa. Kama zilikuwa saba mezani kabla ya kazi, ziwe saba baada yake. Pini ya muda inayoshikilia kitanzi wakati wa kufunga ina utepe mrefu mwekundu, kwa sababu ikisahaulika ndani, mwavuli umefungwa kwa kufuli.

Mafundi wanaosomea kazi hii katika shule ya Jeshi la Marekani huko Virginia huruka na mwavuli waliofunga wenyewe. Desturi hii ina mizizi. Juni 1942, Adeline Gray aliporuka Connecticut na mwavuli wa nailoni, mtu wa kwanza kufanya hivyo, alikuwa fundi miavuli mwenye leseni, mfanyakazi wa kiwanda kilichoutengeneza.

Umri nao huandikwa. T-10, mwavuli uliobeba askari wa Marekani kwa miongo mingi, ulipewa miaka 12 ya utumishi, na usizidi miaka 16 na nusu tangu kutengenezwa. Siku ikifika, unatoka, hata ukiwa unang'aa.

Na ukitoka, usirudi ghalani mzima. Mwavuli uliokataliwa ukaachwa kamili kwenye kona utakutwa na mtu mwingine, siku ya upungufu, naye ataona kitambaa kizuri. Kwa hiyo mikanda ya mwili inakatwa kwa kisu mahali pasipoweza kuungwa. Kamba zinakatwa zote. Lebo yenye namba inang'olewa na kubandikwa kwenye kadi, sababu ya kufutwa inaandikwa kwa maneno kamili, na kadi inawekwa kwenye faili lake. Kitambaa kilichobaki kinaweza kwenda kuwa kivuli cha uwanjani au kifuniko cha mizigo, kikiwa kimekatwa vipande ambavyo hakuna atakayedhani vilikuwa mwavuli.